Uanagenzi wa Sheria na Lugha ya Korti: Historia Fupi ya Chuo cha Sheria cha Kenya

Utangulizi

Mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, ofisa wa kampuni ya kikoloni ya IBEA, alijenga ngome huko Dagoretti, magharibi ya mahali ambapo baadaye ulikuja kujengwa mji wa Nairobi. Alichanjiana undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wagikuyu wa upande huo, kama ilivyokuwa desturi ya watu wasiokuwa na sheria moja walipotaka kuaminiana. Wapagazi wa msafara wake wengi walikuwa watu wa pwani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara. Haikutimia miaka miwili kabla ya mapatano hayo kuvunjika. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na maofisa wa kampuni hiyo hiyo katika Ngome ya Smith, akapelekwa kwa nguvu kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi. Makubaliano yaliyofungwa kwa kiapo cha upande mmoja yalikuja kuamuliwa kwa kanuni za upande wa pili.

Tukio hilo linastahili kutajwa mwanzoni mwa makala hii kwa sababu limeacha swali ambalo halijapata jibu kamili mpaka leo: mtu anayepelekwa mbele ya sheria huhukumiwa kwa maneno ya nani? Katika eneo hilo hilo la magharibi ya Nairobi ndiko kulikokuja kukua taasisi iliyopewa kazi ya kuwafunza mawakili kazi yao kwa vitendo, yaani Chuo cha Sheria cha Kenya. Chuo hicho kilianza mwaka 1963, kikawa kwa miaka mingi katika Barabara ya Valley, ukingoni mwa mji, kisha kikahamia Karen. Msafiri akifuata Barabara ya Ngong kutoka makao yale ya kale kwenda makao ya sasa, hupita Dagoretti Corner.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi asili ya chuo hicho na nia iliyokianzisha, kisha kuonyesha kwamba mafunzo yaliyoitwa ya vitendo yaliacha nje kitendo kimoja kikubwa kuliko vyote katika korti za chini, nacho ni kusema na kusikia Kiswahili.

Mawakili kabla ya chuo

Neno wakili halikuja na Waingereza. Limetoka katika Kiarabu, na watu wa pwani walilitumia kwa mtu yeyote aliyekabidhiwa shughuli ya mwenzake: kuuza shamba, kudai deni, kusimamia ndoa. Msamiati wa haki katika Kiswahili kwa jumla una matabaka mawili yanayoonekana wazi. Maneno ya maana za ndani, kama vile haki, sheria, hukumu, shahidi, dhamana na kadhi, yana asili ya Kiarabu. Maneno ya vyombo vya utawala wa kikoloni, kama vile korti, jaji, kesi, faini, waranti na rimandi, yametoka katika Kiingereza. Chini ya matabaka hayo yamebaki maneno ya Kibantu yaliyo mazito pia, kama kosa na kiapo. Kwa hiyo Mswahili aliyefikishwa kortini hakukosa maneno. Alichokosa ni mtu aliyefunzwa kuyapima maneno hayo kwa mizani ya sheria iliyokuwa ikimhukumu.

Sheria yenyewe ililetwa kutoka mbali. Tarehe 12 Agosti 1897 ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha kupokelewa kwa sheria za Uingereza nchini, na Sheria ya Mahakama ya 1967 ikaihifadhi tarehe hiyo. Pamoja nazo zililetwa sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, na kwa jinai hizo zilitumika hadi Kanuni ya Adhabu ya 1930. Waliofanya kazi ya uwakili walikuwa Wazungu na Wahindi, na Chama cha Wanasheria cha Kenya kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1949 kilikuwa chama chao kwa sehemu kubwa sana.

Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa uanagenzi wa miaka kadhaa katika ofisi ya wakili, lakini ilimpasa kwanza apate wakili wa kumkubali. Ya pili ilikuwa kusafiri hadi London na kujiunga na mojawapo ya vyama vya kale vya mawakili wa huko. Vyama hivyo vilimtaka mwanafunzi afanye mitihani na pia ahudhurie idadi maalum ya karamu za jioni katika ukumbi wa chama. Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1963, alipita njia hiyo. C.M.G. Argwings-Kodhek pia aliipita, akarudi Nairobi, akafungua ofisi yake na kuwatetea washitakiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji moyo mkuu. Alifariki katika ajali ya gari Januari 1969 akiwa waziri, na barabara inayopita Hurlingham na Kilimani imepewa jina lake.

Kesi kubwa ya siku hizo, ile ya Kapenguria iliyoanza mwishoni mwa 1952 na kumalizika Aprili 1953, ilidhihirisha uzito wa ukalimani. Mkalimani wa kwanza wa korti alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekulia miongoni mwa Wagikuyu na kukijua Kigikuyu kama mzawa. Mawakili wa utetezi wakiongozwa na D.N. Pritt walimpinga, naye akajiuzulu. Hakuna aliyesema kwamba hajui lugha. Pingamizi lilihusu nafasi yake katika ugomvi wenyewe, kwa kuwa alikwisha kuandika na kutenda dhidi ya Mau Mau. Funzo lililopatikana hapo ni kwamba mkalimani si bomba la kupitishia maji tu, kwani uchaguzi wake wa neno waweza kumfunga mtu.

Kuzaliwa kwa chuo

Ilipodhihirika kwamba makoloni ya Afrika yatajitawala, Serikali ya Uingereza iliunda mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na Lord Denning ili ichunguze elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1961. Kamati iliona kwamba mafunzo ya London hayakufaa mahitaji ya Afrika. Huko Uingereza kazi ya uwakili imegawanywa kati ya wanaosimama mahakamani na wanaoandaa hati ofisini; katika Afrika ya Mashariki wakili mmoja hufanya zote mbili. Kijana aliyerudi kutoka London alijua kusimama mbele ya jaji, lakini pengine hakuwahi kuandaa hati ya kuhamisha kiwanja wala kutunza fedha za mteja. Aidha, hakuwa amefundishwa sheria za kimila wala za Kiislamu ambazo watu wake waliishi kwazo.

Ushauri wa kamati ulikuwa na sehemu mbili: shahada ya sheria itolewe na vyuo vikuu vya Afrika, kisha mwenye shahada apate mafunzo ya kazi katika nchi yake. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa upesi. Mwaka 1961 kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, kikawahudumia wanafunzi wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Sehemu ya pili ilizaa Chuo cha Sheria cha Kenya mwaka 1963. Ghana ilikwisha kuanzisha chuo chake mwaka 1958 na Nigeria mwaka 1962; Uganda ilianzisha Kituo cha Maendeleo ya Sheria mjini Kampala mwaka 1970. Mwaka huo wa 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipogawanyika, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitivo chake cha sheria, na katika miaka iliyofuata wahitimu wake wakawa wanakwenda Barabara ya Valley kumalizia mafunzo.

Wazo la chuo kama hiki si geni kwa mila za pwani. Mwanagenzi wa seremala au wa mfua dhahabu hukaa na fundi, akatazama mkono wa fundi, akajaribu, akakosea, akasahihishwa. Chuo kilikusudiwa kuufanya uanagenzi huo usitegemee hisani ya ofisi za watu binafsi. Yakini lilikuwa jambo la ukombozi: mlango uliofungwa kwa rangi ulifunguliwa kwa mtihani.

Muundo wake umebadilishwa mara kadhaa, na Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya 2012 ilikitenganisha na Baraza la Elimu ya Sheria, ambalo limebaki na kazi ya kusimamia viwango na mitihani. Mtaala wa karne hii una masomo tisa: mwenendo wa kesi za madai, mwenendo wa kesi za jinai, mirathi na usimamizi wa mali ya marehemu, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya kazi, uendeshaji wa ofisi ya uwakili, uhamishaji wa milki ya ardhi, na shughuli za biashara. Mwanafunzi hufanya pia uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu, kisha huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Ni mtaala wa kazi hasa. Lakini hakuna hata somo moja kati ya hayo tisa lenye Kiswahili katika jina lake, na lugha ya kufundishia na kutahini tangu mwanzo ni Kiingereza.

Korti ya chini na neno "ni kweli"

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai iliweka kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Sheria ya mwenendo wa madai iliweka vivyo hivyo. Mahakama za chini ndizo ambazo mwananchi wa kawaida huzijua. Mkazi wa Kawangware au Riruta akishitakiwa kwa wizi mdogo hafikishwi kwanza mbele ya jaji. Husimama mbele ya hakimu, pengine katika korti ya Kibera, na karani humsomea shitaka kwa Kiswahili.

Hapo ndipo sheria na isimu hukutana. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba mtu ameiba ikiwa amechukua kitu kwa hila na bila kudai haki yoyote juu ya kitu hicho. Mshitakiwa akiulizwa kama shitaka ni la kweli, mara nyingi hujibu: "Ni kweli, nilichukua." Kitenzi kuchukua hakina hila ndani yake. Mtu aweza kuchukua baiskeli yake mwenyewe kutoka kwa mdeni wake. Aweza kuchukua nguo za ndugu yake akiamini ameruhusiwa. Jibu hilo likiandikwa kwa Kiingereza kwamba amekiri kosa, basi neno kuchukua limegeuzwa kuwa kuiba katika safari fupi ya kutoka kinywani mwa mshitakiwa hadi kwenye kalamu ya hakimu.

Hali ni hiyo hiyo kwa kitenzi kuua. Sheria inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na adhabu zake zimeachana mbali. Kiswahili cha kila siku kina kitenzi kimoja, na nia huelezwa kwa maneno ya ziada ambayo mtu mwenye hofu huenda asiyaseme asipoulizwa.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiona hatari hiyo. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973 iliweka utaratibu ambao mpaka leo hutajwa katika rufaa za Kenya. Shitaka na kila sehemu muhimu ya kosa hufafanuliwa kwa mshitakiwa katika lugha yake, au katika lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe huandikwa, na akiwa amekiri, kukiri huko huingizwa. Kisha mwendesha mashitaka hueleza mambo yalivyotokea, na mshitakiwa hupewa nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza lake. Akiyapinga, au akisema jambo linaloonyesha kwamba kukiri kwake si kamili, kukiri huko hubadilishwa na kesi husikilizwa.

Utaratibu huu ni wa kiisimu kwa kiasi kile kile ulivyo wa kisheria. Unamtaka hakimu auvunje wizi katika sehemu zake za maana na kuziuliza moja moja: ulichukua? Kilikuwa cha nani? Uliruhusiwa? Ulikusudia kukirudisha? Unamtaka wakili kijana atambue kwamba "ni kweli" ya mteja wake ni mwanzo wa maelezo. Hata hivyo, wakili huyo amefunzwa kuyatenda hayo yote kwa Kiingereza, na lugha ya tendo lenyewe amekuja nayo kutoka nyumbani na barabarani.

Kumbukumbu ya korti na hati ya kiapo

Tatizo la pili ni la kumbukumbu. Kwa miaka mingi hakimu wa mahakama ya chini alisikiliza ushahidi kwa Kiswahili na kuuandika kwa mkono wake kwa Kiingereza, akifasiri kadiri alivyosikia. Kesi ikikatiwa rufaa, jaji husoma Kiingereza hicho. Maneno yenyewe ya shahidi hayamfikii.

Yafaa kutazama mfano mmoja wa kisarufi. Shahidi akisema, "Alimshika akamvuta, naye akaanguka," viambishi a- na -m- havionyeshi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha hakimu achague. Ikiwa waliogombana ni wanaume wawili na mwanamke mmoja, uchaguzi wa kiwakilishi waweza kuamua ni nani aliyeanza, na huo ndio moyo wa kesi ya kujeruhi. Hakimu mwangalifu humuuliza shahidi. Aliyechoka, mwenye kesi nyingi mbele yake, huandika anavyodhani.

Mfano wa pili ni wa mirathi. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika Julai 1981, inapanga warithi wa mtu asiyeacha mke, mume wala watoto. Baba hutangulia, kisha mama, kisha ndugu wa baba na mama mmoja, kisha ndugu wa mzazi mmoja, kisha jamaa wengine. Katika Kiswahili wote hao kuanzia daraja la tatu huweza kuitwa ndugu, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu vilevile. Mteja asiyejua Kiingereza akiapa mbele ya wakili kwamba yeye ni ndugu wa marehemu, hati ya kiapo huandikwa kwa Kiingereza, husomwa na kufasiriwa kwake, kisha hutia sahihi au kidole gumba. Mwanafunzi aliyefunzwa mirathi kwa ukamilifu anapaswa kujua daraja za urithi, na pia kujua namna ya kuuliza: "Ndugu wa tumbo moja? Baba mmoja? Au mtoto wa baba mdogo?" Asipouliza, shamba laweza kwenda kwa asiyestahili, na aliyeapa akaonekana mwongo hali alisema kweli kwa lugha yake.

Katiba, Bunge na nchi jirani

Haiwezi kusemwa kwamba dola ya Kenya haikuitambua lugha hii. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya Bunge. Lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa katika mijadala. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: Kifungu cha 7 kiliweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu vya 49 na 50 vilimpa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Hata hivyo, Kifungu cha 259 cha Katiba hiyo hiyo kinaamuru kwamba matini za lugha mbalimbali zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Lugha hizo mbili ni rasmi, lakini kauli ya mwisho imepewa moja.

Chuo nacho kina mkanganyiko wa namna hiyo. Jedwali la Pili la Sheria ya 2012, kama lilivyotungwa, lilitaja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili miongoni mwa sifa za kuingilia. Maana yake ni kwamba sheria iliona umahiri wa Kiswahili kuwa dalili ya akili inayofaa kwa uwakili. Akishaingia chuoni, mwanafunzi hakuulizwa tena juu ya umahiri huo.

Tanzania ilianza mapema zaidi. Mahakama zake za mwanzo zilitumia Kiswahili, na mwaka 1968 A.B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, pamoja na Sheikh Mohamed Ali, walitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili. Lakini mahakama za juu ziliendelea na Kiingereza kwa miongo mingi. Chuo cha mafunzo ya sheria kwa vitendo kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Historia hiyo inaonyesha kwamba orodha ya istilahi peke yake haitoshi. Istilahi huishi pale wanagenzi wanapolazimika kuzitumia kazini.

Hitimisho

Waliokianzisha chuo mwaka 1963 waliiona kasoro ya mafunzo ya London kuwa ni kumtoa wakili asiyejua kazi ya nchi yake. Kwa kipimo hicho chao wenyewe, kazi waliyoianza haijakamilika. Si lazima Kiingereza kiondolewe, wala si lazima kungojea sheria zote zifasiriwe. Yako mambo yanayowezekana ndani ya masomo tisa yaliyopo. Katika mwenendo wa jinai, mwanafunzi aweza kutahiniwa namna ya kueleza sehemu za kosa kwa Kiswahili kwa mujibu wa Adan. Katika utetezi mahakamani, aweza kumhoji shahidi kwa Kiswahili mbele ya mwalimu anayeandika kwa Kiingereza, kisha wote wawili wakalinganisha kilichosemwa na kilichoandikwa. Katika mirathi, aweza kuandaa hati ya kiapo katika lugha zote mbili. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu nazo zina deni hapa. Zimechunguza ushairi, lahaja na ngeli kwa bidii, lakini Kiswahili cha kizimbani, kinachosemwa kila asubuhi na watu ambao uhuru wao unategemea kitenzi kimoja, hazijakipa bidii ya kiasi hicho.

Kutoka Karen hadi korti ya Kibera si mwendo wa mbali. Wakili kijana atafika huko na shahada yake, cheti chake na kiapo chake alichokula mbele ya Jaji Mkuu. Mteja wake atamwambia, "Ni kweli, nilichukua," na karani atakuwa amekwisha kufungua faili.